Je, askari ana fungu lake katika faini?



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, tafakari ya wiki hii imechelewa kwa siku mbili, nasi tunaomba radhi. Haikuchelewa kwa sababu ya umeme wala ya mvua, ingawa vyote viwili vimetusumbua. Imechelewa kwa sababu tuliiandika mara mbili. Ile ya kwanza tuliifuta yote, baada ya kuisoma usiku na kuona kwamba imeandikwa na mtu mwenye hasira, tena hasira ya mambo ambayo hakuyachunguza.

Chanzo chake ni mahubiri yetu wenyewe. Jumapili iliyopita, katika Misa ya pili, tulikuwa tukieleza habari za Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, na kama ilivyo desturi yetu tulitafuta mfano wa karibu ili vijana wasisinzie. Tukasema kwamba akina Zakayo wa siku hizi wamevaa kofia nyeupe na kusimama barabarani, na kwamba katika kila pikipiki wanayoikamata mna fungu lao, ndiyo maana hawachoki na jua. Kanisa lilicheka. Vijana wa bodaboda, ambao kwa kawaida hukaa nyuma karibu na mlango ili waondoke kabla ya matangazo, walipiga makofi. Tukiri kwamba makofi yale yalitupendeza.

Baada ya Misa, tukiwa bado hatujavua kasula, aliingia sakristia baba mmoja wa kwaya, mwimbaji wa besi, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa sauti kuliko kwa kazi. Kazi yake ni askari polisi. Alitusalimu, akasubiri watumishi wa altare watoke, kisha akasema kwa upole: "Baba Paroko, katika uliyoyasema mna kweli na mna uongo, nawe umevichanganya ukavitoa altareni. Watoto wangu walikuwa wamekaa benchi la tatu. Mdogo ameniuliza hapo nje kama viatu vyake vimenunuliwa kwa pikipiki za watu."

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba arudi Jumanne jioni tuzungumze, akakubali, na kuanzia hapo tukaanza kufanya kazi ambayo tulipaswa kuifanya kabla ya kupanda mimbarini. Tumeuliza vijana wa bodaboda wa Nachingwea mjini na wawili wa Ruangwa waliokuja kwenye semina ya VIWAWA. Tumemuuliza muumini mmoja aliye wakili. Tumesoma tulichoweza kusoma. (Tuseme mapema ili asiwepo wa kujiuliza: yaliyosemwa kitubioni hayamo humu, wala hata kivuli chake.)

Swali lenyewe ni hili: je, askari wa Tanzania hulipwa kwa kila mtu anayemkamata au kumwandikia faini? Hapana. Askari ana mshahara wa mwezi kama mwalimu na muuguzi. Faini ya papo kwa papo chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haingii mfukoni mwake. Zamani ilikuwa ikiandikwa kwenye kitabu cha stakabadhi. Siku hizi mashine inatoa namba ya malipo ya Serikali, nawe unalipa kwa simu au benki na fedha inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya Serikali. Askari akiandika makosa 2 kwa siku au akiandika 40, mshahara wake mwisho wa mwezi ni ule ule. Basi hapo tulikuwa tumesema uongo, na tumeusema mbele ya watoto wake.

Lakini tulipomweleza hivyo Jumanne, tukitarajia labda atafurahi, yeye mwenyewe ndiye aliyetutuliza. "Baba, usikimbilie tena upande wa pili," alisema. Akatusimulia kwamba katika kituo kimoja alichofanya kazi miaka ya nyuma, katika mkoa mwingine, hapakuwa na karatasi yoyote iliyoandika kwamba kila askari alete makosa kadhaa kwa siku. Hata hivyo jioni hesabu zilisomwa, na aliyerudi na makosa machache kuliko wenzake aliulizwa kama siku nzima alikuwa amelala chini ya mwembe. Mwaka ule yeye alihamishwa kutoka kikosi cha barabarani. Hakuambiwa sababu, naye hakuuliza.

Jambo hili lilitufikirisha sana. Mnakumbuka kwamba kwa miaka mingi makamanda wa polisi, hasa wa Dar es Salaam, walikuwa wakiita waandishi wa habari na kutangaza makosa mangapi yamekamatwa na mamilioni mangapi yamekusanywa, na magazeti yakaandika kama habari njema. Tena katika hotuba za bajeti za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi umekuwa ukitajwa Mfuko wa Tuzo na Tozo wa Jeshi la Polisi, hasa panapohusika ujenzi wa vituo na nyumba za askari. Hatuoni ubaya askari kujengewa nyumba. Tumeziona baadhi ya nyumba wanazoishi, na mwenye kuzisifu akazilale yeye. Tunasema tu kwamba chombo kinachotangaza fedha kilizokusanya kana kwamba ni kipimo cha usalama kinawafundisha watu wake kitu fulani, hata kama hakuna hata mmoja anayepewa asilimia. Je, si afadhali barabara ambayo askari amesimama kutwa nzima pasipo kuandika kosa hata moja kwa sababu hakuna aliyevunja sheria? Barabara hiyo inasomekaje jioni kwenye hesabu?

Wenzetu wa mbali wamelipitia hili kwa maumivu. Katika mji mdogo wa Ferguson, jimbo la Missouri huko Marekani, baada ya askari kumuua kijana mmoja mweusi mwezi Agosti 2014, Wizara ya Sheria ya nchi ile ilichunguza na kutoa ripoti mwezi Machi 2015. Iligundua kwamba halmashauri ya mji ilikuwa ikitegemea faini kuendesha bajeti yake, viongozi wake wakihimiza polisi waongeze makusanyo, na askari wakipimwa kwa wingi wa hati walizoandika. Hapakuwa na askari aliyekula rushwa katika habari hiyo. Faini zilikwenda hazina ya mji, na maskini wa mji ule wakawa ndio shamba.

Hapa kwetu sura ya jambo ni nyingine. Kwa miaka mingi faini ya gari imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja, na ya pikipiki ilikuwa hiyo hiyo mpaka mwaka 2021, ambapo Dk. Mwigulu Nchemba, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza bungeni ishushwe kwa bodaboda na bajaji hadi 10,000. Sasa fikirieni kijana wa Ruangwa mwenye pikipiki ya mkataba. Kila jioni anatakiwa kumpelekea tajiri hesabu yake, apate abiria asipate. Amesimamishwa hana kofia ngumu ya abiria, kosa ni kweli analo. Kulipa 10,000 ni kupoteza kazi ya siku nzima. Kutoa 5,000 mkononi ni kupoteza chakula cha mchana tu. Aliyesimama mbele yake naye anajua kwamba katika zile 10,000 hamna hata shilingi yake, na katika hizi 5,000 zote ni zake. Hapo wote wawili wanapata, na anayepoteza hayupo pale barabarani: ni Serikali, na ni yule abiria asiye na kofia ambaye safari inaendelea naye kama alivyo.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, ile faini ya halali haimpi askari kitu, bali tishio la faini ndilo linalompa. Kosa likiandikwa amekosa, lisipoandikwa amepata. Tuliposema altareni kwamba ana fungu katika kila pikipiki anayoikamata, tulikuwa tumeigeuza habari kichwa chini. Fungu lake, kwa yule anayelitaka, limo katika pikipiki anayoiachia.

Hapo tunalazimika kujisema wenyewe. Mwaka juzi, tukielekea Lindi kwa gari la parokia kwenye mkutano wa mapadre, tulisimamishwa. Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki, nasi tulikuwa tumeijua tangu wiki iliyotangulia. Askari alituamkia "Shikamoo Padre", akazunguka gari, akarudi akasema hilo ni kosa. Tulikuwa tumechelewa. Kabla hajasema neno la pili tulikuwa tumeshamwambia dereva atoe kitu kidogo tuendelee. Hakutuomba. Tunarudia ili isomeke vizuri: yule askari hakutuomba. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimtofautishi mtoaji na mpokeaji, wote wawili ni wahalifu, na kwa siku ile mshawishi alikuwa na kola nyeupe shingoni.

Faini za barabarani, hata hivyo, ni upande mwepesi wa jambo hili. Ukamataji wenyewe una bei kubwa zaidi. Karibu kila kituo cha polisi nchini kimebandika ukutani maneno ya kwamba dhamana ni bure, na kwa hakika ni bure. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana. Lakini mama ambaye mwanawe amechukuliwa Ijumaa jioni, msimu wa korosho au ufuta, fedha za mnada zikiwa zimeingia juzi, hasomi lile bango. Anatafuta mtu wa kumsemea. Wakili wetu alituambia kwamba katika kazi yake ameona ndugu wengi waliouza korosho changa ili kulipia kitu ambacho hakina bei. Sisi pia tumegongewa mlango usiku na watu wa jumuiya wakiomba mkopo wa "dhamana", na tuseme ukweli, mara nyingine tumeutoa tukiona ndiyo huruma.

Lile tunaloliita kubambikiwa kesi si hadithi za vijiweni. Mwezi Machi 2019 Rais Magufuli alisoma gazetini malalamiko ya mfanyabiashara mmoja wa Tabora, akaagiza yachunguzwe, ikabainika kwamba askari walikuwa wamemchukulia fedha zake kisha wakamfungulia kesi ya mauaji ambayo hakuijua. Mkurugenzi wa Mashtaka aliifuta. Yule bwana alikuwa ameshakaa mahabusu kwa miezi.

Na sisi wa Nachingwea hatuna haja ya kwenda Tabora. Mnalijua jambo tunalotaka kulisema, na tunalisema kwa uchungu, kwa maana familia ile iko hapa wilayani petu. Kijana wa miaka 25, mfanyabiashara wa madini, alikamatwa Mtwara mwishoni mwa mwaka 2021. Ilidaiwa mahakamani kwamba askari walichukua fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 30. Alirudi kuzidai. Mwezi Januari 2022 akauawa. Askari saba walishtakiwa, Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza iundwe kamati ya kulichunguza, na mwezi Juni 2025 Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara iliwatia hatiani maafisa wawili na kuwahukumu adhabu ya kifo, waliobaki waliachiwa. (Kanisa letu halikubali adhabu ya kifo, hata kwa hao. Tutaandika juu yake siku nyingine, maana tunajua wengi mtatupinga.)

Tunalitaja tukio hilo kwa sababu moja. Fedha za kijana yule hazikuwa faini wala hazikuwa na namba ya malipo. Zilikuwa fedha tu, zilizokutwa na mtu ambaye inawezekana kumkamata. Mwenye mamlaka ya kukamata akishajifunza kwa 5,000 za kila siku kwamba mamlaka hayo ni mtaji, je, ni nani atakayemwambia mtaji ukomee wapi?

Wala haipandi peke yake. Nchini Kenya, Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, chini ya mwenyekiti wake Johnston Kavuludi, ilipokuwa ikiwahakiki askari wa barabarani mwaka 2015 na 2016, iliomba taarifa zao za M-Pesa. Zikaonekana fedha zinazotoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa wao, mara kwa mara, kama sadaka ya kila Jumapili. Wengi walishindwa kueleza. Tulipomsimulia mwanakwaya wetu habari hiyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa. Hatukumbana.

Ndipo tukarudi kwa Zakayo tuliyemtumia vibaya. Watoza ushuru wa nyakati zile hawakuwa watumishi wa mshahara. Katika utaratibu wa Kirumi, matajiri walishindania haki ya kutoza ushuru wa eneo fulani, wakaahidi kiasi kwa watawala, na chochote walichokipata juu ya kiasi hicho kilikuwa chao. Ushuru wa ziada ndio ulikuwa ujira wao. Wizi ulikuwa umejengwa ndani ya mkataba wenyewe. Kwa hiyo Zakayo si mfano wa askari wetu wa barabarani, kwa kuwa mkataba wa askari wetu ni safi. Anayewafanana zaidi ni wale askari waliomwendea Yohane Mbatizaji kando ya Yordani wakauliza nao wafanye nini. Yohane hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasimnyang'anye mtu wala kumsingizia, na waridhike na mishahara yao. Mwinjili Luka amelieleza katika sura ya tatu, nanyi mnaweza kulisoma wenyewe. Linatushangaza kwamba tangu zamani hizo mambo hayo matatu yamewekwa pamoja: kunyang'anya, kusingizia, na mshahara.

Juu ya mshahara, Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyochunguza kero ya rushwa mwaka 1996 ilishatofautisha kati ya anayepokea kwa ajili ya shida na anayepokea kwa ajili ya tamaa, na Polisi ilikuwa miongoni mwa vyombo ilivyovinyoshea kidole. Karibu miaka 27 baadaye, Julai 2023, tume nyingine, ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman juu ya haki jinai, ilimkabidhi Rais ripoti yake, na kati ya mapendekezo yake ni kwamba Jeshi la Polisi libadilishwe liwe chombo cha huduma. Jina peke yake halitamrudishia mtu 5,000 yake. Lakini tungependa siku moja tusikie kamanda akiita waandishi ili awatangazie ni watu wangapi hawakufa barabarani mwezi ule, na asitaje shilingi hata moja.

Sasa yatupasa kulipa deni letu. Jumapili ijayo, katika Misa ile ile ya pili na kabla ya matangazo ili vijana wa mlangoni wawepo, tutasema kwamba askari hapati fungu katika faini, na kwamba tulikosea. Tutasema pia yale ambayo hatuyafuti. Mwanakwaya wetu tulimwomba ruhusa, kwa kuwa watu watajua ni nani, akasema anachotaka yeye ni watoto wake wawepo, basi.

Alhamisi tulikuwa na safari ya Masasi. Tulisimamishwa tena, na msitucheke, ni taa ile ile, ilitengenezwa ikaharibika. Dereva aliingiza mkono mfukoni kwa mazoea. Tulimwambia autoe mtupu, tukaomba tuandikiwe. Askari alitutazama kama aliyesikia vibaya, akauliza, "Padre, una uhakika?" Tukasema tunao. Akaandika, namba ikatoka, tukalipa 30,000 kwa simu hapo hapo, tukaagana vizuri.

Tuliporudi tulimpa mhasibu wa parokia ile karatasi. Aliigeuza, akatuuliza aiandike katika fungu gani. Tulimwambia aandike faini. Akasema katika daftari lake hakuna fungu la faini, lililopo ni "dharura za safari". Tukamwomba atufungulie kurasa za nyuma. Sisi tulikuwa tukiamini kwamba ni ile safari moja ya Lindi. Kwa miaka miwili dereva alikuwa ameleta hesabu mara 11, kila moja 5,000 au 10,000, hakuna stakabadhi, na pembeni ya kila moja kuna sahihi yetu.